Shajara ya mradi: kuoanisha data za wingi wa damu, kichocho na selimundu, Kanda ya Ziwa

Kazi ni kuunganisha mafaili matatu yaliyokusanywa nyakati tofauti kandokando ya Ziwa Victoria ili yajibu swali moja: mtoto mwenye aleli moja ya selimundu (nakala moja ya jeni hiyo, kutoka kwa mzazi mmoja), akipata kichocho au malaria, wingi wa damu yake unakuwaje ukilinganisha na wenzake? Faili A ni la shule za visiwani na za jirani na mialo. Faili B ni la kaya za bara, watoto pamoja na wazazi wao. Faili C limetoka kliniki ya selimundu. Hakuna hata moja linaloweza kujibu peke yake. Humu tunaandika tulichoamua na sababu yake, ili atakayeleta faili la nne asianze upya.

Wiki ya 1: kamusi kwanza

Hatujagusa namba yoyote. Tumeanza na kamusi, yaani orodha ya kila kigeu (kitu kinachopimwa) na maana yake. Kishawishi cha kufungua mafaili yote kwenye Excel na kuanza kuhamisha safu ni kikubwa, na ndicho kinachoharibu kazi za namna hii: safu zinakutana kwa jina bila kukutana kwa maana. Faili A lina "hb", Faili B "Hb_1", Faili C "HGB". Ya kwanza ni tone la damu ya kidole kwenye HemoCue, kifaa kidogo cha kupima wingi wa damu, ya tatu ni damu ya mshipa iliyopita kwenye mashine ya maabara. Ya pili ilibidi tuulize.

Pale inapowezekana tumechukua itifaki za PhenX, mkusanyo wa vipimo sanifu ulioanza 2007 kwa fedha za NHGRI, taasisi ya Marekani ya utafiti wa jenomu ya binadamu, chini ya uratibu wa RTI International. Uzito wake hauko kwenye majina ya vigeu. Uko kwenye utaratibu unaoambatana na kila kipimo: apimwe nani, kwa kifaa gani, swali liulizwe kwa maneno gani. Kila itifaki ina namba inayoanza na PX, na kamusi zake za REDCap, programu ya kukusanyia data, zinapakuliwa zikiwa tayari. Selimundu ina mkusanyiko wake maalumu. Kichocho na malaria tumefuata taratibu za Shirika la Afya Duniani, WHO.

Vipimo vya maabara vimeongezewa msimbo wa LOINC, orodha ya kimataifa ya majina ya vipimo. Himoglobini, ambayo ndiyo kipimo cha wingi wa damu, ni 718-7. Tahadhari hapa: msimbo huo unasema tu kwamba kilichopimwa ni uzito kwa ujazo wa damu. g/dL na g/L zote ni uzito kwa ujazo, kwa hiyo mafaili mawili yenye 718-7 yanaweza kutofautiana mara kumi na msimbo ukawa sahihi pande zote mbili. Kizio kina safu yake.

Mpangilio tuliokubaliana: kila kipimo kinachukua safu tano, yaani thamani ghafi kama ilivyoandikwa, kizio, njia, kifaa, na thamani iliyooanishwa. Thamani ghafi haifutwi kamwe, hata ikiwa upuuzi. Halafu kila kigeu kinapewa alama kwa kila faili: kamili, nusu, au haiwezekani. "Haiwezekani" ni jibu halali, na tukiona faili lisilo na hata moja tunarudi kulikagua upya.

Misimbo ya majibu yasiyopatikana: Faili A linatumia 9, Faili B 99, Faili C linaacha wazi. Himoglobini ya 9 ni ya kweli kabisa kwa mtoto mwenye upungufu wa damu, kwa hiyo 9 haifutwi kwa amri moja ya jumla. Tumepita kigeu kimoja kimoja na kuweka herufi badala ya namba: H kwa hakupimwa, K kwa alikataa, P kwa sampuli iliyopotea au kuharibika.

Pia namba za washiriki. Excel imekula sifuri za mbele: 00417 imekuwa 417, na kuna 417 mwingine wa kaya. Tumerudi kwenye faili asili na kuingiza safu hiyo kama maandishi.

Wiki ya 2: wingi wa damu

Kubadili g/L kuwa g/dL ni kugawa kwa 10. Dakika tano. Wiki nzima imekwenda kwenye mwinuko.

Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hakuna mtaa wa Mwanza ulio chini ya hapo. Palipoinuka hewa ni nyepesi na mwili huongeza himoglobini, hivyo kabla ya kusema mtoto ana upungufu wa damu unapunguza kiasi fulani kwenye namba yake. Kiasi gani? Jedwali la WHO la zamani lilitoa 0.2 g/dL kuanzia mita 1,000. Mwongozo wa 2024 unatoa 0.8 g/dL kwa mita 1,000 hadi 1,499. Chukua mtoto wa miaka mitatu mwenye 11.5. Kwa jedwali la zamani anabaki na 11.3, na kwa kuwa mpaka wa umri wake ni 11.0, hana upungufu. Kwa mwongozo mpya anabaki na 10.7, anao. Ni tone lilelile la damu.

Faili B lilikuja na safu "anemia" yenye ndiyo na hapana tu, iliyokokotolewa zamani kwa jedwali la zamani, na Faili C na safu kama hiyo isiyopunguza mwinuko kabisa. Zote mbili tumezitupa na kukokotoa upya kutoka thamani ghafi. Kanuni tuliyoiweka kwenye kamusi: hatupokei kundi pale ambapo namba ipo. Mwinuko tunauchukua kwenye GPS ya kijiji. Wastani wa mkoa hautumiki.

Jambo la umri limeambatana na hili. Mwongozo wa 2024 umeweka mpaka wa 10.5 kwa miezi 6 hadi 23 na 11.0 kwa miezi 24 hadi 59, hivyo umri wa miaka kamili hautoshi, tunahitaji miezi. Faili B lina rundo la watoto waliozaliwa tarehe 1 Januari na rundo jingine 1 Julai. Hizo ni tarehe za mdodosaji aliyeambiwa mwaka tu. Tumeongeza safu ya uhakika wa tarehe: siku, mwezi, au mwaka. Wenye "mwaka" walio karibu na mpaka wamepewa alama ya nusu.

Kidole au mshipa: hatujaweka namba ya kusahihisha, na hatutaweka. Tone moja la kidole hubadilika kutokana na namna lilivyotolewa. Ukikikamua kidole, majimaji ya nyamani yanaingia na damu inaonekana pungufu. Vikuveti (vijipande vinavyobeba tone la damu) vya HemoCue vya modeli ya 201 vina kemikali ndani, na kopo likishafunguliwa vinatumika miezi mitatu. Likiachwa bila kifuniko kwenye unyevu wa mwaloni hata hiyo haifiki. Hakuna kizidishio cha kuponya hayo. Njia na kifaa vinaingia kwenye uchambuzi kama vigeu, basi.

Wiki ya 3: kichocho

Kigezo cha kawaida cha Kato-Katz, njia ya kuhesabu mayai ya minyoo kwenye choo kwa hadubini, kinachukua miligramu 41.7 za choo, kwa hiyo mayai ya slaidi moja unazidisha kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Slaidi mbili: jumla mara 12. Slaidi nne: jumla mara 6.

Faili A lina safu "mayai" bila maelezo, na daftari la maabara halikuletwa. Namba zenyewe zimesema. Zikiwa zote zinagawanyika kwa 24, zimeshazidishwa na slaidi ilikuwa moja. Zikigawanyika kwa 12 lakini si zote kwa 24, slaidi mbili. Kwa 6, nne. Zikiwa na 5, 7, 11 na 13 ndani yake, hizo ni hesabu ghafi na mtu akizichukua kama mayai kwa gramu ameufanya ugonjwa mzito kuwa mwepesi. Faili A lilikuwa la 12, isipokuwa shule moja iliyokuwa na hesabu ghafi katikati ya safu ileile.

Faili B limetupa kazi zaidi. Waliweka wastani wa slaidi mbili ukiwa umekadiriwa kuwa namba nzima, kisha wakazidisha. Mtoto mwenye mayai 4 na 5 ana wastani wa 4.5, na kwa haki ni 108 kwa gramu. Excel inapandisha 4.5 kuwa 5, inakuwa 120. R, programu ya takwimu, inakadiria nusu kwenda namba shufwa, 4.5 inakuwa 4, na jibu ni 96. Mpaka wa maambukizi mepesi na ya kati kwa kichocho cha tumbo ni 100. Mtoto mmoja, programu mbili, makundi mawili. Bahati slaidi zenyewe zilikuwa zimeandikwa kwenye safu za mwisho zilizofichwa. Tumejumlisha upya.

Minyoo ya safura tumeipa "haiwezekani" kwa Faili A. Mayai yake huyeyuka ndani ya gliserini slaidi isiposomwa ndani ya nusu saa hadi saa moja, na sampuli za visiwani zilisomwa baada ya boti kurudi mjini. Sifuri zote zile hazina maana ya kwamba hapakuwa na safura.

Kichocho cha mkojo kipo zaidi bara kuliko ufukweni, na kimefungua tatizo la saa, ambalo linastahili wiki yake.

Wiki ya 4: saa, tarehe, mahali

Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndiyo maana itifaki inataka sampuli ichukuliwe muda huo na mililita 10 zichujwe. Safu ya muda ya Faili B ina 04:20, 05:10, 07:45. Hakuna mdodosaji aliyekusanya mkojo shuleni alfajiri hiyo. Hizo ni saa za Kiswahili zilizoingia kwenye kisanduku cha saa 24, na unaziongezea sita: 04:20 ni 10:20.

Lakini 08:30? Inaweza kuwa saa mbili na nusu asubuhi iliyoandikwa kimataifa, au saa nane na nusu mchana. Kwa macho haiamuliki. Tumetumia ushahidi wa aina mbili: mpangilio wa namba za fomu za siku hiyo, na muda ambao kishikwambi chenyewe kilihifadhi fomu. Fomu iliyo kati ya mbili za 07:40 na 08:55 zilizothibitika kuwa za mchana haiwezi kuwa ya asubuhi. Fomu za karatasi zisizo na jirani zimepata alama ya nusu. Kwa makusanyo yajayo kamusi inataka muda uchaguliwe kwa maneno, "saa 2 asubuhi" au "saa 8 mchana", kompyuta ibadilishe yenyewe. Kumfundisha mdodosaji aache kufikiri kwa Kiswahili akiangalia saa ni kujisumbua.

Sampuli za damu zinazodai kufunga kula nazo zimeguswa: mtu aliyekula usiku "saa 2" na kupimwa "saa 2" anaonekana hakufunga hata dakika.

Mahali kwa ufupi. Rekodi za kabla ya 2012 zina Geita kama wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Tangu 2012 ni mkoa. Misungwi iko kwa s moja na kwa mbili. Nyang'hwale imeandikwa kwa alama tatu tofauti za ritifaa, na kompyuta inazihesabu wilaya tatu. Tumeunda jedwali la majina lenye safu ya mwaka, na ritifaa zote zimegeuzwa kuwa ile moja iliyonyooka kabla ya kulinganisha chochote, majina ya watu yakiwemo, maana Kisukuma kimejaa ng'.

Wiki ya 5: selimundu

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko pote.

Kwanza vipimo vya damu. Faili A lina kipimo cha kuzikunja chembe kwa sodiamu metabisalfaiti: jibu ni chanya au hasi. Chanya maana yake ni AS (aleli moja ya selimundu) au SS (mbili, yaani mgonjwa), hakitenganishi. Hatuwezi kuiweka AS kwa sababu "wengi huwa AS". Imeingia kama "S ipo, idadi haijulikani", alama ya nusu. Kwa wachanga wa chini ya miezi sita hasi yake haiaminiki, kwa sababu bado wana himoglobini ya kitoto kwa wingi. Faili C lina elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini kwa umeme. Humo tumewatenga walioongezewa damu ndani ya miezi mitatu: chembe nyekundu za mtoaji huishi hadi siku 120 hivi, na mgonjwa wa SS anaonekana kama AS.

Kisha jenotaipu, yaani herufi za DNA za mtu. rs334, badiliko linaloleta selimundu, ni herufi moja kwenye jeni ya HBB, kromosomu ya 11. Kwenye jenomu rejea (ramani ya DNA ya kulinganishia) ya GRCh37 ni nafasi 5248232, kwenye GRCh38 ni 5227002. Faili B liko kwenye ya kwanza, Faili C kwenye ya pili. Hilo linarekebishika kwa programu. Kisichorekebishika kwa programu ni uzi, yaani ni upi kati ya nyuzi mbili za DNA uliosomwa.

HBB husomwa kwenye uzi hasi. Anayesoma jeni anaona kodoni GAG ikigeuka GTG: A imekuwa T, na T ndiyo ya selimundu. Anayesoma uzi chanya wa jenomu rejea anaona kinyume: T ni ya kawaida, A ndiyo ya selimundu. Kwa vile A na T ni jozi, ukiugeuza uzi A inakuwa T na T inakuwa A, na faili linabaki na herufi zilezile mbili. Hakuna onyo litakalotokea. Linganisha na G6PD 202, rs1050828, badiliko la upungufu wa kimeng'enya cha chembe nyekundu: nayo iko uzi hasi, lakini G na A zikigeuzwa zinakuwa C na T, hivyo tofauti ya mafaili inajitangaza yenyewe.

Juu ya hapo kuna mtego wa lugha ya kliniki. Kwenye kadi ya mgonjwa "AA" ni aina ya himoglobini, mtu mzima asiye na S. Kwenye jenotaipu ya uzi chanya "AA" ni mgonjwa wa SS. Kwenye jenotaipu iliyoandikwa kwa uzi wa jeni "AA" ni mzima tena. Faili C lilikuwa na safu mbili zenye "AA" zikiwa na maana mbili zinazopingana, na mtu aliyezipanga aliona zinagongana akadhani maabara imechanganya sampuli.

Njia ya kawaida ya kupima mwelekeo ni kuangalia masafa: kwenye jamii aleli ya selimundu huwa ndiyo chache. Faili B limepita kwa njia hiyo. Faili C limeipinga, na ni haki yake: ni kliniki, wengi humo ni SS, kwa hiyo aleli ya kawaida ndiyo chache. Anayetumia PLINK 1.9, programu ya kuchambua jenotaipu, aongeze tahadhari, maana bila amri ya --keep-allele-order programu huifanya aleli chache kuwa A1 (aleli ya kwanza), na mafaili ya B na C yakitoka humo yanakuwa na A1 zinazopingana.

Kilichotuvusha ni kurudi kwa watu wenye vipimo viwili. Washiriki wenye elektroforesisi na jenotaipu pamoja, wasioongezewa damu karibuni, tumewapanga kwenye jedwali la mstari na safu. Wa AT hawasaidii kitu, ni AT kwa uzi wowote. Ushahidi uko kwa wenye herufi pacha: SS wa elektroforesisi wakiangukia "AA", faili ni la uzi chanya. Wakiangukia "TT", ni uzi wa jeni. Wakitawanyika pande zote mbili, acha kazi uwaite maabara.

Kamusi sasa hairuhusu herufi. Kigeu kinaitwa idadi_S na thamani zake ni 0, 1, 2. Herufi za asili zinabaki kwenye safu ghafi, pamoja na jina la jenomu rejea na uzi. G6PD imepewa utaratibu huohuo, ila kwa wavulana thamani ni 0 au 1 tu, kwa kuwa wana kromosomu X moja. Programu iliyotoa Faili B ilikuwa imewaandikia 2.

Wiki ya 6: malaria, na neno "ndugu"

Malaria fupi. Vimelea vilihesabiwa dhidi ya chembe nyeupe 200 na kuzidishwa kwa 40, kwa kudhani kila mtu ana chembe nyeupe 8,000 kwa mikrolita. Wagonjwa wa selimundu mara nyingi wanazo nyingi zaidi. Vimelea 50 kwa dhana hiyo ni 2,000. Mtoto akiwa na chembe nyeupe 15,000 ni 3,750. Faili C lina hesabu halisi ya chembe nyeupe, A na B hayana. Tumeoanisha yote kwa 8,000 ili yafanane, na ya Faili C yenye hesabu halisi imewekwa kwenye kigeu cha pembeni. Si suluhisho zuri.

Historia ya familia ndiyo imetushinda. Itifaki inauliza kuhusu ndugu wa damu wa baba na mama wamoja. Faili B lilitafsiri "Una ndugu wangapi wenye selimundu?" Mama wa Kwimba akijibu "wanne", ameweka ndani mtoto wa baba mdogo, mtoto wa mama mkubwa, na pengine mtoto aliyelelewa nyumbani. Kwake wote ni kaka na dada, na hakukosea. Swali ndilo lililokosea. Kwa hesabu za urithi kaka wa baba na mama mmoja anashiriki nusu ya vinasaba, binamu sehemu moja ya nane. Kigeu hiki ni "haiwezekani" kwa Faili B, chote.

Swali jipya limevunjwa vipande: "Mama aliyekuzaa amezaa watoto wangapi, pamoja na waliofariki?" Kisha kwa kila mtoto: "Baba yake ni baba yako mzazi?" Kisha: "Aliwahi kupimwa selimundu, au watu walisema tu?" Neno ndugu halimo. Waliofariki lazima waulizwe kwa kutajwa, kwa sababu watoto wa SS wengi wako humo. Limetafsiriwa kwenda Kiingereza na mtu ambaye hakuona asili, na "amezaa" imerudi kama ilivyotakiwa. Bado halijajaribiwa uwandani.

Hali ilivyo sasa

Kamusi iko toleo la 0.6. Kamili kwa mafaili yote matatu: umri, jinsi, mahali. Himoglobini ni kamili kwa thamani, njia ikiwa kigeu. Kichocho cha tumbo ni kamili kwa A na B. idadi_S ni kamili kwa B na C, nusu kwa A.

Faili la pamoja halitoki nje likiwa na kijiji. Mtoto wa SS mwenye umri fulani kwenye kisiwa kidogo kama Ukara anatambulika na jirani yeyote, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za vinasaba na za watoto kwenye kundi nyeti. Linatoka na wilaya na mwinuko uliokadiriwa kwa mita 100. Tarehe zote za mshiriki mmoja zimesogezwa kwa siku sawa ili tofauti kati yake zibaki.

Yanayosubiri: daftari la slaidi la ile shule moja ya Faili A, jibu la maabara kuhusu washiriki wawili wa Faili C ambao elektroforesisi na jenotaipu bado hazipatani, na jaribio la maswali ya udugu Magu, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma.